Njia za Wenyewe: Matembezi ya Siku Nzima kutoka Lushoto hadi Irente

Mgeni anayefika Lushoto kwa mara ya kwanza huambiwa na kila mtu aende Irente akaone mandhari, na wengi hupanda bodaboda pale mjini, wakasimama juu ya jabali kwa muda wa kutosha kupiga picha, kisha wakarudi kula chakula cha mchana. Sina ugomvi nao, kwa kuwa mandhari hayo yanastahili sifa zake. Hata hivyo kikundi chetu cha matembezi, chenye makao yake Tanga, ambacho wanachama wake wengi walianzia kwenye jogging za Jumamosi kabla magoti hayajawashauri vinginevyo, kiliamua kwenda Irente kwa miguu, tena si kwa barabara ya magari bali kwa njia za mashambani. Baada ya kuimaliza siku ile nina hakika kwamba jabali la Irente ni sehemu ndogo tu ya safari, na kwamba anayetaka kuijua milima ya Usambara ya Magharibi hana budi kuzipitia zile saa za kupanda na kushuka zinazolitangulia.

Tulipanda mlima jioni ya Ijumaa, mwishoni mwa Juni, kwa kosta ya kukodi. Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto ina urefu wa kilomita 33 hivi, na katika umbali huo mdogo abiria anatolewa kwenye joto la nyika na kuinuliwa zaidi ya mita 900, kona baada ya kona, akipita Soni ambako maporomoko ya maji yanaonekana kutoka barabarani. Kufikia Soni madirisha yote yalikuwa yamefungwa, na waliodharau ushauri wa kubeba sweta walikuwa wameanza kujifunika khanga za wenzao. Lushoto iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Wajerumani waliiita Wilhelmstal na kuifanya mahali pa kulikimbia joto la pwani, na mtu wa Tanga anayelala pale usiku wa Juni bila blanketi la pili ataelewa kwa nini.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, kiongozi wetu alirudia utaratibu ambao kikundi kimeufuata tangu kuanzishwa kwake, na ambao kila safari vijana huupokea kwa manung'uniko. Mwenyeji anayeongoza njia hutangulia. Nyuma yake hufuata wale wenye mwendo wa taratibu, wazee na wenye maumivu ya viungo. Wenye nguvu hukaa nyuma, na wa mwisho kabisa ni mfunga msafara, ambaye haruhusiwi kumwacha mtu yeyote nyuma yake hata akisimama kufunga kamba za viatu. Sababu ni rahisi. Mwenye mwendo wa taratibu akiwekwa nyuma, kila anapowafikia wenzake waliopumzika, wao huwa wamekwisha kupumzika na wanaondoka, kwa hiyo yeye hapumziki hata mara moja, na ifikapo saa saba mchana mnakuwa mmembeba. Akiwekwa mbele, msafara mzima hutembea kwa pumzi moja. Vijana wanachosema, kwamba wanachoka zaidi kwa kwenda polepole, nimekisikia mara nyingi na sijawahi kukiona kikitokea.

Mizigo ilikuwa ya kawaida: maji lita mbili kwa kila mtu, koti la mvua, kofia, chakula kidogo, na fimbo kwa anayeihitaji. Kuhusu mavazi kiongozi aliongeza neno moja, kwamba njia tunayokwenda kuipita inakatiza nyuani mwa watu, na kwamba tuvae kama watu wanaopita nyuani mwa watu. Usambara haina pori refu lisilo na mwenyewe kama mtu anavyoweza kufikiri akiitazama kutoka Mombo. Nje ya misitu iliyohifadhiwa, kila kipande cha mteremko kina jina, kina mmiliki na kina mpaka unaojulikana hata kama mpaka wenyewe ni mstari wa masale tu. Njia nyembamba tunazoziita za matembezi ni barabara za watu: zinakwenda sokoni, kisimani, shuleni, msikitini, kanisani, na kwa fundi cherehani. Sisi tulikuwa wapita njia, na jambo la kwanza linalotakiwa kwa mpita njia ni salamu.

Kwa hiyo tulisalimia. Katika mpando wa kwanza, nyuma ya nyumba za mwisho za mji, nadhani tulitumia pumzi nyingi zaidi kwa "shikamoo" kuliko kwa mlima. Mwenyeji wetu, kijana mzaliwa wa hapo hapo, alitufundisha "onga maundo" ya asubuhi, na wanawake waliokuwa wakipalilia juu ya vichwa vyetu, maana shamba la pale liko juu ya kichwa cha mtu, walicheka matamshi yetu na kutujibu kwa Kiswahili ili kutusaidia. Mahali pengine njia ilipita kati ya ukuta wa jiko na banda la ng'ombe, nafasi ya mtu mmoja kupita kwa ubavu, na tukapita mmoja mmoja tukiomba radhi, huku mama mwenye nyumba akiendelea kupepeta maharage yake na kutuambia tusijali, kwani hata padri hupita hapo hapo.

Mandhari ya mpando huo ni ya kazi. Mabondeni, kando ya vijito, kuna bustani za kabeji, karoti, nyanya na pilipili hoho zilizopangwa kwa vitalu vidogo, na mifereji ya maji iliyochimbwa kufuata ubavu wa kilima ikimwagia kitalu kimoja baada ya kingine. Hizo ndizo mboga zinazoshushwa kwa malori usiku kwenda Tanga na Kariakoo. Juu ya bustani kuna migomba inayozunguka nyumba za matofali ya kuchoma, na juu ya nyumba kuna mahindi na maharage kwenye miteremko ambayo mkulima wa pwani asingethubutu kusimama, achilia mbali kulima. Haukuwa msimu wa matunda. Peasi na plamsi zilizoipa Lushoto sifa tuliziona kama miti mitupu tu, na dada mmoja aliyekuja na mfuko mtupu wa kubebea matunda alilazimika kuujaza karoti.

Hapo ndipo penye jambo ambalo ningependa kila anayetembea Usambara alitazame kwa makini, nalo ni namna ardhi ilivyozuiliwa isiporomoke. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kupambana na mmomonyoko katika bonde la Mlalo, kaskazini mwa Lushoto, na katika miaka iliyofuata mpango huo ukaenezwa sehemu nyingine za milima, wakulima wakilazimishwa kutengeneza matuta kwenye mashamba ya miteremko la sivyo watozwe faini. Kazi ilikuwa nzito, sehemu yake kubwa iliwaangukia wanawake, na mavuno yaliyoahidiwa hayakuonekana. Upinzani wa wakulima ukaungana na harakati za TANU za kudai uhuru, na kabla ya miaka ya 1950 kumalizika amri hizo zikaachwa. Kwa muda mrefu baada ya hapo, neno tuta lilikuwa neno la serikali ya wageni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuja mradi mwingine, SECAP, uliofadhiliwa na Ujerumani, nao ukaanza na ng'ombe. Mkulima alihimizwa kufuga ng'ombe wa maziwa zizini badala ya kuwaacha wakitembea juu ya udongo uliolegea, na ili ng'ombe ale, alipanda mistari ya majani ya Gwatemala kwa kufuata usawa wa kilima. Majani hayo yanazuia udongo usishuke, na udongo unaokwama juu ya mstari wake, mwaka baada ya mwaka, hugeuka ngazi bila mtu kuichimba. Tulisimama kwenye shamba moja ambapo ngazi kati ya kitalu na kitalu ilikuwa imefikia kimo cha kiuno, ukingo wake umeshikwa na mizizi ya majani iliyosukana kiasi cha kutoingiza kidole, na juu yake miti ya grivea imepandwa kwa nafasi. Bwana shamba mstaafu aliye mwanachama wetu alipiga magoti, akaumega udongo wa upande wa juu wa mstari na ule wa upande wa chini, akatuonyesha viganja vyake viwili: mmoja una udongo mweusi wenye unyevu, mwingine una kokoto nyekundu. Hotuba yake iliishia hapo, na kwa kweli haikuhitaji nyongeza. Tuliona vilevile mashamba yasiyo na mstari wala mti, yenye makovu ya mvua za masika, na mara nyingi yalikuwa ubavuni mwa kilima kile kile.

Tulipokuwa tumesimama hivyo, tulisikia nyuma yetu mtu akiomba njia. Alikuwa mama wa makamo, amejitwika mtita wa majani hayo hayo ya Gwatemala, mkubwa kiasi kwamba ulimfunika hadi mabegani, naye alikuwa akipanda mteremko uliotutoa jasho bila kushika chochote kwa mikono. Alitupita, kisha akasimama, akageuka mwili mzima kwa sababu ya mzigo, akauliza:

"Mwaenda wapi wote nyie?"

"Irente, mama. Tunatembea tu."

"Mna mzigo gani?"

Mzee wetu mmoja akamjibu kwamba hatuna mzigo, tunafanya mazoezi kwa ajili ya afya. Mama akatutazama kwa huruma ya kweli, akasema "Haya, poleni sana," akaendelea na safari yake. Vijana waliokuwa wamelalamika juu ya mwendo wa wazee walijaribu kumfuata, na kona mbili baadaye tuliwakuta wameketi.

Katika sehemu iliyo karibu na kilele cha ukingo wa kwanza, kwenye kichaka kando ya njia, mwenyeji wetu alisimamisha msafara bila kusema neno na kuonyesha kwa kidole. Tulichukua muda kumwona: kinyonga wa kijani kibichi, mkubwa kama kiganja cha mkono, mwenye pembe mbili fupi zilizotoka puani zikielekea mbele. Aina hii ya pembe mbili ni ya Usambara ya Magharibi, na milima hii, pamoja na mingine ya Tao la Mashariki kuanzia Taita hadi Udzungwa, ina viumbe na mimea mingi isiyopatikana kwingineko kwa sababu misitu yake imekaa kama visiwa kwa muda mrefu mno. Jicho moja lilikuwa likitutazama sisi, jingine likitazama nyuma yake. Mguu wa mbele uliinuliwa, ukasitasita hewani mara kadhaa, kisha ukashika tawi kwa vidole vilivyogawanyika mafungu mawili. Nusu ya kikundi ilisogea kupiga picha na nusu nyingine ilirudi nyuma. Hofu ya kinyonga haiondoki kwa elimu, na mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa miongoni mwa waliorudi nyuma.

Watakaotaka msitu halisi, wenye miti mikubwa na mbega wakirukaruka juu, waende Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, kaskazini mwa mji. Njia ya Irente haina msitu wa namna hiyo. Ina mikaratusi, misonobari na vipande vya miti ya asili vilivyobaki makorongoni. Hilo lilijadiliwa wakati wa kupanga, na waliotaka Magamba walishindwa kwa kura. Kwa maoni yangu kura ilikuwa sahihi, ingawa kupita katikati ya mikaratusi ni jambo la kuchosha: hakuna kinachoota chini yake, hakuna ndege wa kusikiliza, na majani yake makavu yanateleza kuliko tope.

Tulipita Yoghoi, tukanunua maandazi, na saa sita na nusu tulifika shamba la Irente, mali ya Kanisa la Kilutheri, ambako hutengenezwa jibini, jemu na mikate ya unga wa shayiri nyeusi, na ambako wageni hupata chakula cha mchana bustanini. Jibini iliwagawa wanachama. Waliokuwa na busara ya kubeba viazi vya kuchemsha, mayai na chapati walikuwa na wageni wengi kuliko walivyotarajia, ila juisi ya pasheni hakuna aliyeikataa.

Kutoka hapo hadi kwenye jabali ni mwendo mfupi, na ghafla ardhi inakwisha. Chini, takriban mita 1,000 kwa makadirio ya mwenyeji, ni Mazinde: mashamba ya mkonge yaliyopigwa mistari kama daftari, barabara kuu ya kwenda Same na Moshi, reli ya Tanga iliyofika Mombo mwaka 1905, na baada ya hapo nyika inayokwenda magharibi hadi macho yanapochoka. Mkonge huo wote una asili moja. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na ni 62 tu iliyonusurika safari na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Upepo ulikuwa unapanda kutoka chini ukiwa na joto, nasi tukiwa tumevaa makoti, hivi kwamba uso ulikuwa nyikani na mgongo ukawa mlimani.

Ukisimama pale unaielewa historia ya Wasambaa, wenyeji wa milima hii, kwa miguu yako. Wakilindi, ukoo wa kifalme uliotawala milima hii kutoka Vuga tangu zama za Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, waliheshimiwa kwa uwezo wao juu ya mvua, na mfalme Kimweri ye Nyumbai alikuwa bado na nguvu hizo mmisionari Krapf alipomtembelea mwaka 1848. Lakini mwanawe Semboja alikaa chini, Mazinde, kando ya njia ya misafara ya kwenda na kutoka pwani, na mwenye kukaa kando ya njia ya misafara alipata bunduki. Baada ya Kimweri kufariki, katika miaka ya 1860, Semboja aliishambulia Vuga na kumfukuza Shekulwavu, mtoto wa ndugu yake. Mvua ilikuwa mlimani, baruti ilikuwa nyikani, na umbali kati ya viwili hivyo ni huu unaouona kati ya ncha za viatu vyako na paa za Mazinde.

Swali lililoulizwa na wengi wetu pale juu lilikuwa kwa nini vijiji vimesongamana kwenye ukingo wenye upepo badala ya kukaa ndani kwenye mabonde ya maji. Jibu ni la kilimo. Aliyeishi ukingoni aliweza kuwa na migomba na maharage yake mlimani, mahali pa baridi na pasipo na malaria nyingi, na wakati huo huo akawa na shamba jingine nyikani, lenye mazao ya majira tofauti. Mvua ikikosekana upande mmoja, upande wa pili humwokoa. Njia za kushuka genge hilo bado zipo; tuliwaona watu wawili wakiibuka kutoka chini na matenga, wakatusalimia bila kuhema, wakapita.

Kurudi tulichagua njia ya bondeni, ambayo ni fupi kwenye ramani na ndefu kwa magoti. Kushuka ndiko kunakojeruhi watembeaji, kwa kuwa mtu huamini kazi imekwisha na huacha kutazama anapokanyaga. Ukungu ulishuka saa tisa, ukaleta manyunyu kiasi cha kuifanya ardhi nyekundu iteleze, na kila mwenye fimbo akawa na rafiki. Soli ya raba ya dada mmoja ilibanduka yote, kutoka kisigino hadi vidoleni. Mwenyeji wetu aliingia kwenye migomba, akaomba ruhusa kwa mzee aliyekuwa kibarazani, akachana ukanda wa gome kavu la mgomba, akaulowesha kwenye mfereji, akaufunga kiatu kwa kuzungusha mara tatu na kupitisha fundo chini ya upinde wa unyayo ili lisisagike. Gome hilo lilivumilia hadi stendi ya Lushoto, na gharama yake ilikuwa ni kumsikiliza yule mzee akieleza jinsi viatu vya siku hizi visivyofaa.

Tulifika mjini saa kumi na moja kasoro, wote, kwa pumzi ile ile moja. Kwenye chai ya tangawizi mjadala wa safari ijayo ulianza kabla vikombe havijapoa. Wapo wanaotaka Mtae, ukingoni kabisa mwa milima, ambako nyika ya Mkomazi inaonekana chini. Hao nimewaeleza kwamba Mtae haifai kwa siku moja na kwamba kikundi kisicho na utaratibu wa malazi kisijidanganye. Wapo wanaotaka kushuka Soni na kutembea hadi Vuga, na mimi ni mmoja wao. Wengi wameamua Magamba, mwezi Septemba, kabla ya mvua za vuli. Mweka hazina ameanza kupokea michango, na ameomba kwamba safari hii kila mtu alipe kabla kosta haijakodiwa.